Giaboksi ya GMC Syclone: 4L60 iliyofungwa upya au 4L80E?
GMC Syclone ya 1991, pikapu ya mwendo kasi inayovuta kwa magurudumu yote manne, ilitoka kiwandani na injini ya V6 yenye tabo na nguvu farasi 280, pamoja na giaboksi ya otomatiki ya 4L60, ambayo huanza kulalamika mara tu mwenye gari anapoongeza presha ya tabo.

Kuifumua 4L60 na kuifunga upya kwa vipuri imara ndiyo njia nyepesi, kwa sababu inarudi palepale ilipotoka, haihitaji kompyuta, na gia yake ya kwanza yenye uwiano wa 3.06 huliondoa gari kwa nguvu. Udhaifu wake ni klachi za gia ya tatu na ya nne, ambazo huungua upesi iwapo waya unaotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) kuiongoza presha ya mafuta ya giaboksi umelegea hata kidogo. Fundi asiyejua kuupima huo waya asiiguse.

4L80E, giaboksi ya otomatiki inayoongozwa na kompyuta na mrithi wa TH400, giaboksi ya zamani ya GM, huvumilia nguvu kubwa zaidi. Hata hivyo ni nzito na ndefu, hivyo propela ya nyuma hufupishwa, na shafti yake ya kutokea ina meno 32 badala ya 27, kwa hiyo transfa (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) haiingii bila kubadilishwa. Gari la kutembelea ningelifungia 4L60. La mashindano, 4L80E.