Pawabenki ya 50,000 iliyojaa mchanga, na ya 20,000 ninayopanda nayo mlima

Mimi ni mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, nakaa Moshi, Pasua. Mambo ya umeme sikuyasomea. Naandika kwa sababu mwaka jana nilipigwa shilingi 25,000 kwa kitu ambacho ningekishtukia palepale kama ningejua hesabu moja ndogo, na kila msimu naona wenzangu wanapigwa vilevile.

Ilikuwa jioni, karibu na stendi. Kijana ana meza ya chaja, spika na miwani ya jua. Akanipa pawabenki, ile betri ya akiba ya kuchajia simu, nyeusi yenye kioo cha namba na tochi ubavuni, imeandikwa 50,000mAh (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza. "Bro, hii unapanda nayo mpaka Uhuru unarudi nayo, simu haizimi." Nikaipima mkononi, nzito. Simu yangu ina betri ya 5,000, nikagawanya kichwani: mara kumi! Safari yetu ya mlimani, kwa njia ya Marangu, ilikuwa ya siku sita. Nikaishusha kutoka 35,000 hadi 25,000, nikaondoka najiona mjanja.

Usiku wa pili, kambi ya Horombo, mita 3,720, niliichomeka simu ikiwa na asilimia 20. Ilipofika 51 ikaacha kuingiza. Kioo cha pawabenki kinasema bado ina 68. Asubuhi kikasema 0. Nikalaumu baridi. Mpishi wetu, mzee wa mlimani, akaniambia, "Mdogo wangu, baridi inaonewa. Laumu stendi."

Niliporudi mjini nikaipeleka kwa fundi simu. Akapenyeza bisibisi bapa kwenye mshono, kava likaachia kama ganda la karanga. Ndani kulikuwa na betri moja ya duara, inayofanana na ya tochi. Moja tu. Pembeni yake mfuko wa nailoni umebandikwa kwa gundi, mgumu kama ngumi. Fundi akautoboa, mchanga ukamwagika mezani juu ya simu za watu. Nimekula vumbi la Kilimanjaro miaka yote hii kwa kulipwa, halafu natoa hela yangu kununua mchanga.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanifundisha. Betri ya duara kama ile ikiwa nzuri hubeba karibu 3,000mAh, na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ukitaka 50,000 ya kweli unahitaji betri kama 17, na hizo peke yake zinakaribia gramu 800 kabla hujaweka kava. "Sasa yako ilikuwa na uzito gani?" Tukaikusanya na mchanga wake wote, tukaenda kwa mangi wa duka la pembeni anayepima sukari kwa mizani ya namba. Gramu 390. Mangi akauliza kama tunaiuza kwa kilo.

Kwa hiyo ukipewa namba kubwa kwenye kitu chepesi, umedanganywa, hakuna mjadala. Ila uzito peke yake usiuamini, maana mchanga nao una uzito.

Kilichonisumbua zaidi ni hizo mAh zenyewe. Hata pawabenki halali ya 10,000 haiijazi simu ya 5,000 mara mbili, na watu wengi wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Chukulia mAh ni debe. Pale sokoni Kiboriloni debe la mahindi na debe la pumba yote ni debe, lakini uzito si mmoja, lazima uulize ni debe la nini. Betri ndani ya pawabenki inahesabiwa kwa volti 3.7 (volti ni msukumo wa umeme), ila kwenye tundu la USB umeme wa kawaida unatoka kwa volti 5. Ukipandisha volti, mAh zinapungua, na nyingine zinapotea njiani kwa joto. Ndiyo maana inapata uvuguvugu ikifanya kazi.

Kama mahindi unavyoyapima kwa kilo badala ya debe, umeme unaupima kwa wati-saa, huandikwa Wh. Chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 ni 74Wh. Uniti moja ya umeme wa Luku ni 1,000Wh, kwa hiyo ukiijaza nyumbani hujamaliza hata sehemu ya kumi ya uniti. Hapo mwenye nyumba asikununie.

Hizi Wh nilionyeshwa na mgeni wetu mmoja. Aliigeuza pawabenki yake, mgongoni kuna maandishi madogo kama ya dawa. Mashirika ya ndege huruhusu hadi 100Wh kwenye begi la mkononi bila kuomba kibali, na kwenye mizigo ya chini hawataki kabisa kwa kuogopa moto. Kwa hiyo kampuni yenye akili timamu huandika Wh. Ile yangu ya stendi ingekuwa kweli ya 50,000, ingekuwa 185Wh, isingekatiza uwanja wa ndege wa KIA. Mgongoni kwake hakukuwa na kitu zaidi ya picha ya ng'e.

Niliyo nayo sasa ni ya 20,000, nimeinunua dukani mjini kwa shilingi 60,000. Kampuni siitaji, maana sijalipwa tangazo. Mgongoni imeandikwa 74Wh, na chini yake kwamba kinachotoka kwa volti 5 ni 12,000mAh. Muuzaji alishangaa kuona nafurahia namba ndogo. Nikamwomba mizani: gramu 430. Hapo nikaelewa vizuri kuliko kwa fundi. Kama 20,000 ya kweli inazidi uzito wa ile ya 50,000 pamoja na mchanga wake, hesabu imeisha.

Nimekaa nayo miezi minane. Nyumbani inaijaza simu mara mbili kamili, ya tatu inafika asilimia 70 hivi. Mlimani inapungua, maana betri za namna hii zikipoa hutoa kidogo. Kambi ya Kibo, mita 4,720, usiku maji yanaganda kwenye chupa, kwa hiyo nalala nayo ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu. Ikipata joto la mwili inarudi. Na simu ikiwa ya baridi kama jiwe usiichaji kwanza, iweke kifuani ipate joto, kuchaji kwenye baridi ya kuganda kunaharibu betri moja kwa moja. Tangu intaneti ya kasi ilipofika Horombo mwaka 2022, vijana wanashinda hewani kambini, ila ukitoka hapo simu inahangaika kutafuta mnara na inajila yenyewe. Naiweka hali ya ndege, nafungua nikifika. Akiba yangu imekuwa ndefu karibu maradufu.

Gramu 430 si mchezo kwetu. Mzigo wa mgumu ni kilo 20 na unapimwa getini, vitu vyako binafsi ni shauri ya mgongo wako. Kwa safari ya siku sita naona inalipa, hasa tukichangia wawili. Kwa mtu wa mjini anayekatikiwa umeme kwa muda wa saa tatu nne, ya 10,000 inamtosha.

Kasoro zipo. Kuijaza kwa kichwa cha chaja cha kawaida cha wati 10 ni usiku kucha na asubuhi kidogo. Nilipopata cha wati 18 imeshuka kuwa kama saa tano na nusu. Waya waliyoniwekea ni mfupi, haufiki kutoka mezani hadi kitandani.

Halafu kuna kitochi cha mama, yaani simu ndogo ya vitufe, kule Kibosho. Nilimwachia wiki moja, akanipigia: "Baba, hiki kitu chako kinasusa. Nachomeka, kinawaka kidogo, kinazima." Nikajua nimepigwa tena. Kumbe kitochi kinavuta umeme kidogo sana, pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa, inajizima. Hii yangu ukibonyeza kitufe mara mbili haraka inakaa macho hata kwa kifaa kidogo, spika ya masikioni nayo hivyohivyo. Iko kwenye karatasi ya maelezo, niliyoitupa siku ya kwanza. Ukinunua, muulize muuzaji kama yake ina hiyo.

Naipa nyota nne. Dhamana yake ni mwaka mmoja kwa risiti, na risiti ya mashine wino wake unafutika. Ya kwangu sasa imebaki tarehe tu na nusu ya jumla. Bahati nzuri niliipiga picha palepale kaunta, kwa simu iliyokuwa na asilimia 9.