Kwenye maktaba ya mtaani kwetu hadithi zimefungiwa kabatini

Kufuli! Maktaba ya umma, inayoendeshwa kwa kodi yangu, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili vimetiwa kufuli kabatini. Nilikuwa nimempeleka binti yangu likizo hii tumtafutie cha kusoma. Ufunguo? "Anao bosi." Bosi yuko wapi? "Semina." Atarudi lini? Yule dada wa kaunta akanipima kwa macho, akanijibu bila kuinuka: "Mzee, hapa watu huja na vitabu vyao."

Na kweli, meza zilikuwa zimejaa wanafunzi na karatasi zao za marudio ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, walizobeba kutoka nyumbani. Wao wanataka kiti, taa na utulivu, basi. Mtu asiye na mtihani afuate nini pale? Halafu tunaimbiwa kila siku kwamba Wakenya hawasomi. Tusome kufuli?

Nilipopandisha sauti, dada naye akapandisha yake: kitabu kikipotea, anakatwa mshahara yeye. Hapo nikanywea. Kidogo tu, maana hata mwenye shida zake anaweza kusema pole.

Lakini hasira imehama. Tangu ugatuzi, maktaba za umma ni jukumu la kaunti. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 uone zilivyopangwa: fungu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na maonyesho ya video. Sasa leseni za baa huleta pesa, maktaba hula pesa. Ungekuwa waziri wa kaunti, asubuhi ungeanza na faili gani? Ndiyo maana baa hukaguliwa na maktaba husahauliwa.

Wakiitisha kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, pale tunapogombania barabara na maji hadi jioni, nitasimama na ombi moja: kitabu kilichopotea kihesabiwe gharama ya kawaida ya ofisi, kama wino wa printa, kisiwe deni la mhudumu. Hiyo haihitaji mfadhili wala jengo jipya.

Je, uende? Ukitafuta mahali pa kudurusu, nenda, pametulia kweli. Ukitaka kitabu cha kuazima, usijisumbue. Ama hapana, jisumbue! Nenda ukaulizie hilo kabati, na kesho mtume jirani akaulizie. Wakizoea kwamba hakuna anayeliuliza, watalisukuma stoo.