Vipindi vinne vya Lokriani, na ti isiyolia

Napiga kinanda cha kwaya mwaka wa tisa sasa, na kusoma kwangu ni kwa solfa tu: d r m, yaani do, re, mi. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa Sinza, anayefundishia sebuleni kwake kwa shilingi 15,000 kipindi, aliponiambia kuna skeli (ngazi ya noti) inaitwa Lokriani, nilijua napigwa. Nikalipia vipindi vinne hivyo hivyo.

Cha kwanza ndicho kilichonoga. Hakuandika chochote. "Dada, piga nyeupe tupu, ila anzia ti, ishia ti." T d r m f s l t. Noti ni zilezile za kila Jumapili, lakini sikio likagoma kutulia, kama mgeni aliyekalia ncha ya kiti. Akanihesabia: kutoka d hadi s ni nusu toni 7 (nusu toni ni hatua ya kitufe kimoja hadi cha jirani, cheupe au cheusi), kutoka t hadi f ni 6 tu. Noti ya tano, ambayo skeli nyingine huiegemea, hapa imepungua. Halafu akapiga s t r f, kodi (ya muziki, noti zinazopigwa pamoja, si ya TRA) ya kabla ya Amina, ile waimbaji wanayoisikia wakabaki wanaingoja d. Akainua kidole kwenye s. Zikabaki t r f. "Hapa ndipo nyumbani kwa Lokriani." Miaka yote hiyo nimepita mlangoni bila hata kubisha hodi!

Kipindi cha pili tulijifunza kukaa humo. Kushoto unashikilia t ya chini kwa sauti ya ogani, maana ya piano hufifia na sikio linatorokea d. Kulia unapiga vifungu vifupi: f m d t, r d t. Sharti lake moja: d usiikalie. Kila iliponinogea, hata pigo moja la ziada, tulijikuta C meja, skeli ya kawaida inayoanzia d.

Sasa lawama. Kwenye kinanda chake, ti iliyo chini ya do ya kati hailii mpaka uikandamize kwa nguvu. Kwa somo lingine ningenyamaza, lakini hili limejengwa juu ya ti! Kipindi cha tatu umeme ulikatika dakika ya 20, tukaimba solfa gizani, nikalipishwa kamili. Cha nne alikimbizana na saa. Tulihamia Lokriani ya C, yenye flati 5 (noti zilizoshushwa nusu toni) sawa na Db meja, na karatasi aliyonipa ilisahau flati ya G, yaani ya noti ya tano. Ukiipiga ilivyoandikwa unapata Frijia, skeli nyingine kabisa, na ile noti ya tano iliyotusumbua kipindi kizima cha kwanza inarudi mahali pake. Nilikwenda nayo nyumbani siku mbili nikilaumu vidole vyangu.

Ushauri wangu: lipia viwili vya kwanza, na ubebe kinanda chako.

Jumapili iliyopita, kabla ya Amina, niliiacha s nikashikilia t r f kidogo. Sauti ya tatu wote wakanigeukia.