Fundi wa vitabu Kariakoo: mwepesi wa kukataa, mzito wa kumaliza

Steshenari nyingi za mjini zinabaindi ripoti, hazibaindi vitabu. Nalisema hili mapema asije mtu akanilaumu. Ukitaka jalada jeusi la tasnifu lenye maandishi ya dhahabu, na ulipate leo leo kabla ofisi ya chuo haijafungwa, fundi ninayemsifia hapa hakufai. Nenda steshenari za karibu na chuo, watakumalizia ukiwa umekaa kwenye benchi na soda yako. Huyu mzee ni wa vitabu vilivyosomwa mpaka vikachoka.

Mimi nasomea ukutubi Bagamoyo, na sasa hivi nipo fildi kwenye maktaba ya sekondari moja hapa Dar. Wenzangu wakisikia fildi ya maktaba wanadhani nashinda nimekaa kivulini nikiwanyamazisha watoto. Ukweli ni kwamba muda wangu mwingi unaliwa na majeruhi. Kabati la nyuma lilikuwa limejaa: kamusi zilizokatika kwenye herufi M, vitabu vya baiolojia visivyo na sura ya kwanza, riwaya zenye jalada la kitabu kingine kabisa. Na selotepu kila mahali. Jamani, selotepu! Plastiki yake hubanduka baada ya muda, lakini gundi inabaki imezama ndani ya karatasi, inageuka rangi ya chai na kuchukua maandishi pamoja nayo. Wengine walipiga pini za stepla mgongoni, na kwa unyevu huu wa pwani pini inashika kutu, kutu inaila karatasi.

Kabla ya mzee tulipeleka kamusi kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Zilirudi siku ile ile zikiwa na jalada la kung'aa. Mwanafunzi wa kwanza kuifungua moja juu ya meza, mgongo ukalia "kah!", karatasi zikamwagika. Walikuwa wamepaka gundi ya moto juu ya gundi ya zamani bila kuikwangua. Gundi ya aina hiyo ikishapoa inakuwa ngumu, na kamusi kila siku inafunguliwa na kukandamizwa na kiwiko cha mtu anayenakili. Lazima ipasuke.

Basi, mzee. Yuko kwenye kichochoro cha jengo la zamani, katikati ya duka la vitenge na fundi cherehani, hana bango. Ukimuulizia yule fundi cherehani atakuonyesha kwa kidole gumba bila kuinua macho. Ndani kuna meza moja, shinikizo la chuma la kuzungusha kwa mkono, gilotini ya kukatia karatasi ambayo nadhani ina umri kunizidi, na kopo la uzi uliopakwa nta. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono kuchukua kamusi. Jalada hakulitazama hata kidogo. Aliikunja kidogo, akachungulia mgongo kutokea juu, akauliza: "Hiki kinasomwa na nani, binti?"

Nilidhani ananipigisha soga tu, kumbe jibu ndilo linaloamua kazi. Kitabu kilichoundwa kwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa anakifumua na kukishona upya kupitia kwenye mikunjo, na kikimalizika kinalala wazi mezani chenyewe. Kitabu cha karatasi mojamoja zilizogundishwa tu hakina mkunjo wa kupitisha sindano. Hapo kuna njia mbili. Anaweza kuchana vifereji vyembamba mgongoni kwa msumeno mdogo, akalaza uzi humo na kupaka gundi nyeupe inayobaki laini ikikauka. Au atoboe kando, ashone kutoka jalada hadi jalada. Kushona kando ni imara mno, ila kunakula nafasi ya ndani ya ukurasa na kitabu hakifunguki vizuri, ukikiachia kinajifunga. Kwa riwaya inayosomwa na mtu mmoja mkononi, sawa. Kwa kamusi inayogombewa na darasa zima, hapana. Nilipomwambia ni ya wanafunzi akachagua vifereji bila kunishawishi nilipe zaidi.

Na anakataa kazi. Nilimpelekea kitabu cha zamani cha historia ambacho karatasi zake zilikuwa zimekuwa kahawia na kumeguka pembeni. Akakunja ncha ya ukurasa mmoja ulioharibika tayari, ikavunjika. Akanirudishia. Karatasi za bei nafuu za zamani zina asidi inayozila zenyewe kwa ndani, na kila tundu la sindano hapo linakuwa mwanzo wa mpasuko. "Hiki kitengenezee sanduku," akasema, akapima, akakata boksi gumu, akalivika kitambaa. Darasani tulifundishwa hivyo hivyo, lakini sikutarajia kulisikia kwa mtu ambaye angepata pesa nzuri zaidi kwa kukishona.

Bei zake kwangu zilikuwa hivi: kugundisha upya pamoja na jalada la kitambaa shilingi 6,000, kushona 10,000, sanduku 4,000. Mkuu wa shule alikunja uso mpaka nilipomwekea mezani risiti ya kamusi mpya. Kwa riwaya nyembamba ambayo haiazimwi sana sikushauri ulipe 10,000. Ibandike mwenyewe kwa karatasi nyembamba na gundi nyeupe, iache chini ya matofali usiku kucha.

Kasoro anazo. Ya kwanza ni muda. "Njoo Jumanne" yake haisemi Jumanne ya wiki gani, na simu hapokei akiwa anashona. Ya pili, anapenda kingo zilizonyooka, kwa hiyo usipomkataza mapema gilotini inapita na namba za kurasa zinaondoka na vipande. Vitabu vyetu viwili vya jiografia sasa vina ramani zilizonyolewa pembe. Mwambie "usinyoe" kabla hujatoka, na umwandikie kwa kalamu ya risasi ukurasa wa kwanza. Ya tatu, herufi zake za dhahabu zinapinda kidogo mgongoni. Hili mimi halinisumbui.

Nilichomwomba ni aache sehemu ya chini ya mgongo bila maandishi, nibandike lebo. Alipoona nimeandika 496.392 akauliza hiyo ni namba ya simu ya nani. Nikamweleza mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada: 400 ni lugha, 496 ni lugha za Kiafrika, 496.392 ni Kiswahili. Akanyamaza, kisha akauliza msahafu unakaa wapi. 297.122, nikamwambia. Hapo kazi ikasimama. Akaanza kunisimulia majalada aliyokuwa akitengeneza babu yake, ya ngozi, yenye ulimi unaokunjwa kufunika ukingo wa mbele wa kurasa. Mwambao huu ulikuwa na mafundi wa namna hiyo kweli. Siyu, kisiwani Pate, ilijulikana karne ya 18 na ya 19 kwa kunakili misahafu kwa mkono na kuijalidi. Vyuoni tunalipitia jambo hili kwa haraka tukienda kwenye historia ya vitabu vya Ulaya, na nadhani ni kosa. Yule mzee anajua zaidi kuhusu ngozi na gundi ya unga wa ngano kuliko kitini chochote nilichonacho. Gundi hiyo, kwa mfano, huitumia pale anapojua kitabu kitahitaji kufumuliwa tena, maana inalainika kwa maji. Ubaya wake mende wanaipenda, na maktaba yetu mende inao.

Nampa nyota nne kati ya tano. Kamusi alizotengeneza zinaazimwa kila siku na bado zinafunguka. Nyota ya tano ataipata siku nitakapokuta kazi tayari siku aliyoniambia.

Ukienda: vifunge vitabu kwa raba ili karatasi zisipotee njiani, hesabu kurasa mwenyewe kwanza, lipa nusu, na Ijumaa usimfuate mchana kwa sababu yupo msikitini na akirudi anapumzika. Anapokea pesa kwa simu.