Kompyuta ya nyumbani kwa bajeti ndogo: ipi ununue ukiwa Malindi

Ukiuliza kompyuta nzuri ni ipi, utajibiwa kwa namba: i5, i7, GB 16. Namba hizo zina maana yake, lakini anayeishi Malindi ana mambo mawili ya kujiuliza kwanza. Mashine hii itastahimili chumvi? Na stima ikikatika kisha irudi kwa nguvu, kitaungua nini? Huku pwani chumvi na stima huua kompyuta nyingi kabla hazijazeeka. Kwa hiyo nimezipanga hizi kwa kigezo kimoja: ikiharibika, fundi wa hapa mjini ataweza kuifungua, abadilishe kilichokufa, akurudishie? Kasi nimeiweka nyuma.

Nachukulia kwamba una kati ya shilingi elfu 15 na elfu 40, na kazi zenyewe ni za kawaida: masomo ya watoto, eCitizen na iTax, barua, hesabu za duka, filamu usiku. Wa kuhariri video nzito au kucheza magemu makubwa, hapa si mahali pake.

1. Laptopu ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha 8

Hii ndiyo ningemshauri karibu kila mtu. Ni zile ambazo wauzaji huziita ex-UK: kampuni za ng'ambo huzitumia miaka michache, huziuza kwa jumla, nazo huishia kwenye maduka ya Nairobi na Mombasa. Tafuta Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490, zote za 2018. RAM (kumbukumbu ya kazi) isipungue GB 8, na SSD (hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka) iwe ya GB 256.

Kwa nini kizazi cha 8, yaani toleo la 8 la prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel? Kwanza, hapo ndipo Intel ilipoongeza viini, zile sehemu za prosesa zinazogawana kazi, vya laptopu za aina hii kutoka 2 hadi 4. i5-7200U ina viini 2, i5-8250U ina 4, na tofauti utaiona siku mtoto amefungua kurasa kumi za intaneti na wewe unataka kuchapisha barua. Pili, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huzipokea prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Kwa hiyo muuzaji akisema "ni i5" bado hajakwambia kitu. Soma namba nzima. Kwa prosesa za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-8350U ni cha 8, i5-6300U ni cha 6.

Kati ya hizo tatu, chaguo langu ni T480, na sababu ni betri. Ina mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa kidole. Ile ya nyuma ikichoka unanunua nyingine na kuipachika mwenyewe, bila hata kuzima mashine. RAM yake ina nafasi mbili, SSD hubadilishwa kwa bisibisi ya kawaida, na spea zake hazisumbui kupatikana. Angalia tu usipewe T480s ukadhani ni hiyo hiyo. Ni nyembamba na inapendeza, lakini betri ni moja ya ndani, na sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi.

2. Kompyuta ndogo ya mezani

Kama mashine haitatoka nyumbani, hizi zinaikaribia sana namba moja: Lenovo ThinkCentre M720q, HP EliteDesk 800 G4 Mini, Dell OptiPlex 3060 Micro. Zina ukubwa wa kitabu kinene, hutumia RAM ya laptopu, na adapta yao iko nje. Hilo la adapta ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu stima ikirudi vibaya mara nyingi inayokufa ni adapta, nayo hununuliwa peke yake.

Faida ya pili wazazi wataielewa. Chai ikimwagikia kibodi, umepoteza kibodi ya shilingi mia kadhaa. Ikimwagikia laptopu, anza kuomba dua.

Ubaya ni kwamba bei unayotajiwa si bei utakayolipa. Ongeza kioo, kibodi, mausi, na UPS, betri inayoishikilia mashine stima ikikatika, ambayo hapa si anasa. UPS ya VA 650 inatosha kukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri yake ni ya risasi na haipendi joto, basi usiiweke chini ya dirisha la magharibi, na tia akilini kwamba utaibadilisha baada ya miaka michache.

3. Laptopu ya kizazi cha 6 au 7, pamoja na Linux Mint

EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 na Latitude E7470 bado ni mashine nzuri, na bei yake imeshuka kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi. Wapo mafundi watakaokulazimishia Windows 11 humo. Hufanya kazi, ila Microsoft haikuahidi kitu, na siku masasisho yakigoma huna wa kumlilia. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Ni ya bure, ni nyepesi, na mtu aliyezoea Windows hapotei ndani yake. LibreOffice, programu yake ya ofisi, itafungua faili zako za Word, ingawa jedwali lililopangwa kwa ufundi mwingi huweza kuvurugika. Mwanafunzi wa chuo ambaye mhadhiri wake anataka Word tu arudi kwenye namba moja.

Sharti moja: iwe na SSD. Ukikuta ina hadidiski ya kuzunguka, bei ya SSD itoke kwenye bei ya muuzaji.

4. Kompyuta kubwa ya mezani

Rahisi kutengeneza kuliko zote, na huuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini piga hesabu ya tokeni. Laptopu inayokula wati 20 kwa saa 5 kila siku humaliza uniti 3 kwa mwezi. Kompyuta kubwa na kioo chake zikila wati 100 kwa saa hizo hizo, ni uniti 15. Tena feni zake huvuta hewa ya bahari mchana kutwa na kuilaza juu ya bodi.

5. Laptopu mpya ya bei rahisi

Ya mwisho, na kwa makusudi. Ina boksi, ina karatasi ya nailoni kwenye kioo, na ndani ina Celeron (prosesa dhaifu ya Intel), RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa. GB 4 na GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali, yaani inawaka, basi. Baada ya masasisho machache nafasi imekwisha, na hakuna fundi anayeweza kuiongeza. Kwa pesa hiyo hiyo unapata T480.

Chromebook zilizotoka shule za ng'ambo ziko karibu nayo. Kila moja ina tarehe ambayo Google huacha kuipelekea masasisho, na nyingi za bei ya chini tarehe hiyo imepita. Itafute kwenye mipangilio kabla hujalipa.

Na kwa kuwa tuko Malindi: utatangaziwa pia laptopu aliyoiacha Mwitaliano. Huenda ikawa nzuri kabisa. Ila kibodi itakuwa na ò, à na è mahali usipozitarajia, na chaja itakuwa na plagi ya vijiti vya duara. Lugha ya Windows hubadilishwa bure, kibodi hainunuliwi bure, kwa hiyo punguziwa.

Kabla hujatuma M-Pesa

Ukiweza, nenda Mombasa mwenyewe. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko hasara ya kuletewa mzigo usioujua. Dukani, izime kisha uiwashe ukibonyeza F1 kwa Lenovo, F10 kwa HP au F2 kwa Dell. Hapo unaingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nenosiri la BIOS, iache hapo hapo hata kama muuzaji anaapa fundi wake atalitoa. Kisha, ndani ya Windows, fungua Command Prompt na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ikiwa chini ya nusu, hesabu kwamba unanunua betri nyingine.

Chungulia matundu ya USB kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au skrubu zenye kutu, hiyo mashine imeshaishi kando ya bahari au imeshakunywa maji. Usikubali pia Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi, maana hizo mara nyingi huja na virusi. Hata huzihitaji: laptopu nyingi za ofisi zina leseni yake ndani ya bodi, na ukiweka Windows upya hujitambua yenyewe ikipata intaneti.

Kuitunza

Chumvi iliyotua kwenye bodi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na asubuhi nyingi huku tunapita hapo. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme, na ndiyo yanayokula shaba hadi ikawa kijani. Kwa hiyo kompyuta inayotumika kila siku hudumu kuliko iliyofungiwa kabatini, kwani joto lake yenyewe huikausha. Ukisafiri, itie kwenye mfuko unaofungika vizuri pamoja na vifuko vya silika. Ukitoka nayo kwenye chumba cha kiyoyozi, ipe muda ndani ya begi kabla ya kuiwasha.

Stima ikikatika, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache itulie. Kwenye ThinkPad, weka kikomo cha chaji kiwe asilimia 80 kupitia programu ya Lenovo Vantage, maana betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa kwenye joto. HP na Dell wana mpangilio kama huo ndani ya BIOS. Padi ya kugusia ikianza kuinuka, betri imevimba: zima, usiitoboe, ipeleke kwa fundi siku hiyo.

Usafi wa ndani unategemea unakaa wapi. Nyumba ya Silversands inayopigwa na kusi moja kwa moja inahitaji fundi aifungue kila baada ya miezi mitatu au minne, apige brashi feni na kusafisha viunganishi kwa alikoholi ya asilimia 99. Aliye Kijiwetanga, mara moja kwa mwaka inamtosha, na hapo ndipo abadilishiwe pia ile pesti ya kupoza prosesa.