Vijiti vya waridi kwa bei ya miche: uzoefu wangu na kitalu kimoja hapa Arusha

Kitalu chenyewe kipo kando ya barabara hapa Arusha, jina sikitaji. Nilinunua waridi na bogonvilia masika haya, shilingi 5,000 kila kiriba (kile kimfuko cha plastiki cha mche), majani mabichi yanang'aa. Niliuliza kabla sijatoa hela: zina mizizi? Jibu: "Zimeshika zote hizo, dada."

Uongo mtupu. Ukipasua kiriba kwa kiwembe ili uhamishie ardhini, udongo wote unaporomoka na kijiti kinabaki mkononi. Waridi zilikuwa nyeusi upande wa chini; ukibonyeza, ganda linabanduka na panatoa harufu ya uozo. Bogonvilia zilikuwa na afadhali kidogo: palipokatwa pamejaa vipele vyeupe vigumu, lile kovu linalotangulia mizizi, lakini mzizi wenyewe hata wa nusu sentimita hakuna. Nilipovirudisha, kijana muuzaji akanijibu mbele ya wateja: "Dada, maua yanataka mkono. Mkono wako haukubali maua."

Mkono gani? Kijiti kisicho na mizizi hakijui mkono wa mtu. Na yeye anajua vizuri kabisa alichouza, hapo ndipo hasira yangu ilipo. Shina lililokomaa lina akiba ya chakula ndani yake, na akiba hiyo inatosha kuchipusha macho (vile vichipukizi vidogo kwenye shina), kutoa majani, wakati mwingine hata tumba la ua, kabla mzizi wowote haujatokea. Majani hayo yanapoteza maji kila siku na chini hakuna kinachoyarudisha. Likipiga jua la siku mbili tatu, yamekwisha. Bogonvilia ndiyo inayodanganya kuliko zote, maana inachipua mapema na mizizi yake inachelewa: wiki 6 hadi 12. Waridi ni wiki 4 hadi 8, na baridi ya Juni na Julai ya hapa kwetu inaongeza muda. Anayechomeka leo na kuuza wiki mbili baadaye kwa sababu kijiti kimechipua, anauza kijiti.

Kwa hiyo ukienda kununua, achana na majani. Inua kiriba utazame matundu ya chini, mizizi myeupe inatakiwa ichungulie. Shika shina kwa vidole viwili ulivute taratibu. Lenye mizizi linakataa, lisilo nayo linateleza. Minya kiriba: udongo ulioshikwa na mizizi unakuwa bonge moja. Muuzaji akikwambia usiguse, weka chini uondoke.

Kuoza kwenyewe pia ni kazi yake. Alijaza udongo mweusi mzito na samadi ambayo bado mbichi, akapanga viriba juani, akawa anamwagilia kwa mpira asubuhi na jioni. Palipokatwa ni kidonda, na kidonda kinataka hewa. Ukikiweka kwenye tope lenye samadi mbichi, chumvi ya samadi inakiunguza na kuvu wanamalizia. Masale, ile mimea ya mipaka, unachomeka tu mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, na yanashika. Waridi si masale.

Waridi inatakiwa hivi. Chukua tawi lililomaliza kuchanua, nene kama penseli, asubuhi kabla jua halijakali. Sukuma mwiba kwa pembeni kwa kidole gumba: ukibanduka safi, tawi limekomaa, ukipinda bila kutoka, bado changa. Kata sentimita 15 hadi 20, lenye macho matatu au manne, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Chini kata mshazari, milimita chache tu chini ya jicho, kwa sababu mizizi hutokea zaidi maeneo hayo. Juu kata moja kwa moja, ili usisahau upande upi unaingia ardhini. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu uyapunguze nusu, na toa kila tumba la ua.

Dawa ya mizizi ya unga inasaidia, ile yenye asilimia 0.3 ya homoni ya kuotesha mizizi inatosha. Mimina kidogo pembeni, usichovye kijiti ndani ya kopo lenyewe kwa sababu unyevu unaiharibu yote. Kung'uta inayozidi, na toboa shimo kwa kijiti kingine kwanza, la sivyo dawa yote inasuguliwa na mchanga. Dawa iliyofungwa upya kwenye vifuko visivyo na tarehe na kuanikwa dirishani dukani msinunue, joto na mwanga vinaimaliza nguvu.

Pa kuchomeka: mchanga wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu na pumba za mpunga zilizochomwa. Mwagia maji yanayochemka, acha upoe. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga, fungua kifuniko kidogo kila siku. Mchanga uwe na unyevunyevu, usitote. Samadi iliyooza vizuri ingoje mpaka uhamishe. Bogonvilia mizizi yake inakatika upesi mno: pasua kiriba, shusha bonge zima, usikung'ute udongo.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Lakini haki ni haki: jeraniamu nilizochukua palepale zilikuwa bora sana, mizizi imejaa kiriba, shina fupi, nene. Kwa jeraniamu peke yake anastahili nyota nne, basi tuseme tatu kwa jumla. Halafu nakumbuka lile neno la mkono, alivyolisema kwa sauti watu wasikie, na hapana. Mbili. Jeraniamu hata hazihitaji ufundi wake: unakata ncha ya sentimita 8 hadi 10, unaacha kidonda kikauke kivulini saa kadhaa, unachomeka kwenye mchanga bila dawa na bila kufunika, na ndani ya wiki mbili tatu zimeshika. Kwa mche mmoja mkubwa unapata vipandikizi vya kuzungushia baraza nzima, kwa hiyo hata kwa jeraniamu sina tena cha kumfuata. Moja.