Kusafirisha fimbo za kuvulia kwa gari: nunua kipi kwanza

Fimbo nyingi za kuvulia hazivunjwi na samaki. Huumizwa na mlango wa buti, au na kisanduku cha barafu kilichoziangukia njiani, na mwenyewe hana habari mpaka sulisuli aanze kuvuta nje ya Watamu. Kaboni ndivyo ilivyo: ikigongwa huenda isionyeshe kitu kwa nje, ufa ukabaki ndani, kisha siku ya mzigo ikakatika ghafla. Kwa hiyo kabla hujanunua fimbo ya pili, nunua cha kuibebea ya kwanza.

La kwanza: bomba la PVC juu ya keria. Kwa mwenye gari lenye keria, sioni linaloshinda hili. Tafuta bomba la inchi 4, lile la maji taka lenye ukuta mnene. Kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa mita 6, basi pima fimbo yako ndefu kuliko zote, ongeza sentimita 15, ukate hapo. Fimbo za boti za futi 6 au 7 zitaingia bila shida, na zile ndefu za ufukweni, kwa kuwa hugawanyika, nazo zitapata nafasi.

Upande wa mbele gundisha kifuniko kabisa. Nyuma weka cha kuzungusha, kile ambacho mafundi bomba hukifungua wakizibua. Kila mwisho tia kipande cha sponji ya godoro. Toboa matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke, maana chumvi ikifungiwa humo itakula pete za kupitishia uzi, moja baada ya nyingine. Rili zitoe, usafiri nazo ndani ya gari, na kila fimbo iwe na mfuko wake wa kitambaa. Zikisuguana kutoka Nairobi hadi Malindi, takriban kilomita 600 ukipitia Mombasa, utazikuta zimechubuka.

Lifunge kwa klipu za chuma sehemu tatu au zaidi. Mipira ya tyubu hulegea juani. Bomba lenyewe pia hulainika kwa joto na kupinda lisiposhikiliwa katikati, kwa hiyo lipake rangi nyeupe. Kufuli unaweza kuweka, lakini msumeno hulikata bomba upesi: ukilala njiani, ingia na fimbo zako chumbani.

La pili: fimbo ya vipande vinne. Fimbo ya nzi, yaani ya kurushia chambo chepesi cha mfano wa nzi, ya futi 9 ikigawanywa hivyo hubaki kama sentimita 70, unaiweka kwenye buti ukasahau habari ya keria. Kwa wanaofuata trauti kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, hili ndilo la kwanza. Zile za kuchomoa kama antena ya redio siwashauri watu wa maji ya chumvi. Mchanga huingia kwenye maungio, zikakwama.

La tatu: mikanda ya darini, inayofungwa kwenye vishikio vya ndani. Kwenye Probox inafaa sana, na ni rahisi kuipata. Toa ndoana zote kwanza, na ncha zielekee nyuma. Ukiwa na watoto kiti cha nyuma, achana nayo, kwa sababu ukikanyaga breki ghafla mkanda dhaifu hautazuia kitu.

La nne: kasha la keria la kiwandani, mfano Thule RodVault. Lina kufuli na linabeba fimbo ya nzi ikiwa na rili yake. Ni zuri kweli, ila limetengenezwa kwa fimbo nyembamba, si za kuvulia jodari.

La mwisho: vishikio vya sumaku vya boneti. Ni vya kuhama mita chache ufukweni, basi. Kwenye Land Rover Defender za zamani havishiki kabisa, kwani boneti zake ni alumini. Vile vya kunyonya hushika, mradi ufute vumbi kwanza, na usiingie navyo barabara kuu hata kwa dakika moja.